Abiria Hushuka, Nyumba Haishuki

Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega hulipima gari mapema. Ukishaliacha soko la Mamboleo, ziwa linabaki mgongoni na lami inaanza kupanda. Kiboswa inapita, Majengo inapita, na dereva anajikuta ameshusha gia bila kufikiri. Kisumu iko takriban mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita hamsini na ushei tu, na ndani yake mna kupanda, kutulia kidogo Mbale na Chavakali, kushuka katika bonde la Mto Yala, kisha kupanda tena kuingia nchi ya Waidakho na Waisukha. Hiki ni kipande cha barabara kuu ya A1, ile inayotoka Isebania mpakani na Tanzania, ikakata magharibi yote ya Kenya hadi Lodwar na kuelekea Sudan Kusini.

Kwa mtu anayetaka kulijua gari lake, hiyo ni barabara nzuri sana. Ndiyo maana tuliichagua.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya dizeli yenye paa la juu, na kabla ya kuwa nyumba lilikuwa matatu. Ukiinama jua likiwa chini, bado utauona chini ya rangi mpya ule mstari wa manjano ambao kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 ziliulazimisha kwa kila matatu nchini. Seremala wa Kisumu aling'oa viti vya abiria, akaweka kitanda, kabati na meza ya kukunja. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni umeme, alifunga betri ya pili, paneli ya sola juu ya paa, taa na friji ndogo. Tukaweka meko ya gesi, na chini ya kitanda tangi la maji la lita 100. Nia yetu ni Turkana: kulala Lodwar, kuamkia Kalokol karibu na Ziwa Turkana, na kupika chai yetu wenyewe popote jua litakapotukuta. Lakini kabla ya kulielekeza gari-nyumba jipya kule kwenye jua kali na safari ndefu zisizo na gereji, ni lazima lipelekwe kwanza mahali pa karibu likajisemee lenyewe. Tukapanga kwenda Msitu wa Kakamega kwa njia ya Mukumu na Khayega, tulale Isecheno, kisha turudi.

Watu wengi huichukulia safari ya majaribio kama mapumziko mafupi. Mimi naiona kuwa kazi, tena kazi yenye shabaha moja: kuyaita matatizo yaje mapema, wakati simu ina mtandao na fundi yuko umbali wa nauli ya bodaboda. Wakenya tumelijua somo hili kwa muda mrefu. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipata sifa duniani kwa jinsi yalivyoyavunja magari. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshika spana katika gereji kabla ya kushika usukani wa mashindano, alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ule ushindi wa kwanza aliupata kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Katika barabara kama zile, kuwa wa kwanza kulianza na kufika. Na kufika kulitegemea mtu anayeisikiliza injini kabla haijapiga kelele.

Hadi Chavakali mshale wa joto ulikuwa katikati, mahali pake. Tuliposhuka kwenda mtoni ukabaki palepale. Ni katika kupanda upande wa pili wa Yala ndipo ulipoanza kunyanyuka, taratibu, kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kama anaona vizuri. Nikapunguza mwendo na kushusha gia ili feni izunguke vizuri. Mpwa wangu akafungua hita yote, kwa sababu hita huchukua joto la injini na kulileta ndani ya gari, na kwa dakika chache inaweza kuokoa hali. Hewa ya moto ikatupiga miguuni. Mshale ukasita, kisha ukaendelea kupanda. Tulipokuwa tunafika Mukumu ukagusa nyekundu, na ile harufu tamu ya kulanti ikapenya kutoka chini ya viti.

“Mjomba, zima,” mpwa wangu alisema. “Tusiisukume hata mita moja zaidi.”

Nililitoa gari kabisa kwenye lami, likakaa kwenye udongo palipo tambarare, nikazima injini na kuwasha taa za tahadhari. Kuna utaratibu wa dakika hizi za kwanza, na ni vizuri kuuzoea mpaka mikono iufanye yenyewe. Breki ya mkono. Jiwe nyuma ya gurudumu. Pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga, moja mbele na moja nyuma, mbali vya kutosha ili lori linaloteremka lipate muda wa kuliepa gari. Sheria inazitaka pembetatu hizo, lakini katika barabara zetu kila dereva anaelewa pia lugha ya matawi mabichi yaliyolazwa kwenye lami. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amekwisha kuyakata kabla sijafungua mlango vizuri.

“Mzee, imechemsha?” aliniuliza, akiyapanga matawi yake kwa umakini.

“Imechemsha, ndugu.”

“Basi iacheni ipoe. Msifungue rejeta.”

Alisema kweli, na inafaa tueleze kwa nini. Katika mwinuko wa Mukumu, maji yaliyo katika sufuria ya wazi huchemka karibu na nyuzi 95 za Selsiasi, si 100, kwa kuwa hewa huku ni nyepesi kuliko pwani. Ndani ya rejeta maji hayapo wazi. Kifuniko chenye springi huyabana, na kwa shinikizo hilo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Anayekifungua kifuniko injini ikiwa moto anaondoa shinikizo lote kwa mkupuo mmoja, na maji yale yanalipuka kuwa mvuke mbele ya uso wake. Watu wameunguzwa vibaya kwa haraka ya namna hii. Kumwaga maji baridi kwenye injini iliyopata moto nako ni hatari, kwa kuwa chuma kinachopozwa ghafla kinaweza kupasuka. Dawa ya kwanza ya gari lililochemka ni muda.

Muda huo tuliupata Mukumu, na sidhani kuna mahali pazuri zaidi pa kuupatia kwenye barabara ile. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua misheni hapa mwaka 1906, na kwa zaidi ya karne moja kituo hicho kimezaa kanisa, hospitali na shule ambazo majina yake yanajulikana Kenya nzima. Kwa hiyo kandokando ya barabara huwa pana watu wa kila aina: wagonjwa na wanaowasindikiza, wanafunzi na masanduku yao, akina mama wenye ndizi na parachichi, vijana wa bodaboda. Hatua chache mbele ni Khayega, ambako mashabiki wa mieleka ya mafahali hukusanyika alfajiri kwa ngoma za isukuti. UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014. Mgeni aliyeharibikiwa na gari katika nchi hii hatazamwi kwa mbali.

“Mulembe,” mama mmoja mwenye kibanda cha chai alitusalimu. “Karibuni, baba. Gari ikipumzika, na nyinyi mpumzike.”

Tulikunywa chai na kula mandazi, tukaandika yote katika daftari la safari: saa, mahali, mshale ulikuwa wapi, gia ipi, harufu gani. Daftari hilo ni kifaa cha ufundi sawa na jeki. Mtu akishapoa na kushiba chai husahau kama joto lilipanda taratibu au ghafla, na tofauti hiyo ndiyo humwongoza fundi. Joto linalopanda ghafla huashiria mkanda uliokatika au maji yaliyomwagika. Linalopanda taratibu mlimani huashiria mfumo unaofanya kazi lakini umezidiwa.

Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Ilipopoa tukainua kiti, na chanzo cha harufu kikaonekana wazi: mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Kijana fundi aliyeitwa kwa simu na wale wa bodaboda alifika na sanduku lake la spana. Alisomea ufundi wa magari Sigalagala, kwenye chuo cha ufundi cha kitaifa kilicho jirani tu, na mkono wake ulionyesha mafunzo hayo. Aliupima mpira wa zamani kwa kalipa kabla ya kwenda kutafuta mwingine, akasafisha mdomo wa bomba kwa msasa mwembamba, akakaza klipu kwa kiasi. Akatujazia maji, akaiacha injini ingurume mpaka mapovu yakaisha, kisha akatwambia tukalijaribu gari.

Tulilijaribu kwa kurudi chini kuelekea mtoni na kupanda tena. Mpira mpya haukutoa hata tone. Mshale ukapanda tena.

Hapa ndipo safari nyingi za namna hii huharibika. Kitu kilichovunjika kimeonekana, kimebadilishwa, pesa zimelipwa, na moyo unataka kuondoka. Mtu hujiambia kwamba mshale haujafika kwenye nyekundu, kwamba Isecheno si mbali, kwamba ataendesha polepole. Lakini mpira haupasuki wenyewe. Joto na shinikizo vilikuwa vimeupasua, na mpira mpya ungesubiri zamu yake tu. Tulikuwa tumetibu jeraha na kuuacha ugonjwa. Tukarudi Mukumu, hadi kwenye gereji iliyo kando ya barabara.

Maoni yakawa mengi. Fundi mmoja alitaka rejeta itolewe ikazibuliwe mjini Kakamega. Mwingine alishauri pampu mpya ya maji. Wa tatu alitamka neno ambalo kila mwenye gari huliogopa, gasketi ya silinda hedi, na kwa neno hilo injini nzima ingefunguliwa. Kijana wetu wa Sigalagala hakushindana nao. Aliingia ndani ya ua wa gereji akatoka na mzee aliyemfundisha kazi kabla hajaenda chuoni, mtu aliyetumia miaka yake mingi kutengeneza matrekta na malori ya miwa upande wa Mumias.

Mzee hakugusa injini. Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akatazama kitanda, tangi na betri. Akabonyeza springi za nyuma kwa uzito wake. Ndipo akauliza.

“Hii ilikuwa matatu?”

“Ndiyo, Mzee. Ilikuwa inafanya Kondele na mjini.”

“Kisumu ni tambarare. Na abiria wanashuka. Huyu Kibuye, yule stendi. Gari inapata nafasi ya kupumua.” Akapiga ubavu wa kabati kwa kiganja. “Nyumba haishuki. Iko ndani mlimani, iko ndani stendi, iko ndani hata mkilala.”

Nimeyafikiri sana maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu yanaeleza gari-nyumba kuliko vitabu vingi. Abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja ni karibu tani nzima, na nyumba yetu haijafikia uzito huo. Lakini matatu ya mjini hubeba tani hiyo kwa dakika chache, hushusha, husimama, huanza tena. Gari-nyumba hubeba mzigo wake kilomita baada ya kilomita, likipanda vilima vya Maragoli kwa mkanyago mmoja usiokatika. Udhaifu ambao maisha ya kwanza ya gari yaliuficha, maisha ya pili yanautoa hadharani. Swali la kuuliza basi si “nini kimevunjika leo” peke yake. Ni “gari hili lilifanyiwa nini zamani, ambacho kazi yake ya zamani ilikivumilia?”

Mzee alitaka kulijibu swali hilo kwa injini iliyolala. “Saa hii iko moto, itatudanganya,” alisema. “Ilale. Asubuhi nitaiuliza.”

Tukalala palepale uani, kwa ruhusa yake, na hapo nyumba nayo ikapata mtihani wake. Alasiri na jioni za Kakamega zinajulikana kwa mvua na radi. Eneo la msitu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ile iliyotukuta ilipiga paa kwa saa nyingi. Tukaligundua tone lililokuwa likifuata waya wa sola kuingia ndani, na mpwa wangu, kwa tochi kichwani, akaukunja waya uliokuwa nje ushuke kwanza kabla ya kupanda kwenye tundu, ili maji yadondokee chini badala ya kuufuata ndani. Asubuhi aliziba tundu kwa gundi ya silikoni. Tuligundua pia kwamba kabati la vyombo lilifunguka kwenye matuta, na kwamba friji ilikula betri kwa kasi kuliko hesabu zetu kwa sababu wingu lilikuwa limeinyima sola mwanga tangu mchana. Yote hayo yakaingia daftarini. Kila moja lingekuwa balaa Turkana, na kila moja lilikuwa jambo dogo Mukumu.

Kulipokucha mzee alikuja kabla ya chai. Akaniambia niwashe injini, yeye akaweka kiganja juu ya bomba linalopeleka maji kwenye rejeta. Tukasubiri. Haikuchukua muda akanyanyua kichwa.

“Thamostati haimo.”

Kijana wa Sigalagala akaweka mkono wake pia, akatikisa kichwa kukubali, kisha akatueleza kwa utaratibu wa mtu aliyefundishwa. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Yakifika karibu nyuzi 80, nta inayeyuka na kutanuka, mlango unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa. Kwa hiyo injini iliyolala ikiwashwa, bomba la rejeta linapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa. Letu lilianza kupata uvuguvugu karibu mara moja. Hapakuwa na mlango.

Na mlango ule una kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ina kisahani cha nyuma. Upande wa rejeta unapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi bila kuiona rejeta hata kidogo. Mjini, kwenye tambarare, maji yanayobahatika kufika kwenye rejeta yanatosha. Mlimani, na nyumba mgongoni, hayatoshi.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu ni desturi iliyoenea. Gari likichemka, mtu anang'oa thamostati na kusema kwamba nchi za joto hazihitaji kitu hicho. Mteja anaondoka ameridhika, mshale unashuka kwa muda, na deni linaachiwa mmiliki wa baadaye. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na ikifika mlimani inachemka kuliko ilivyokuwa. Watengenezaji hawakuiweka thamostati kwa ajili ya theluji peke yake. Waliiweka ili injini ikae kwenye joto lake, Oslo au Lodwar.

Mpwa wangu alipanda bodaboda hadi maduka ya spea mjini Kakamega, akiwa na namba ya injini kwenye karatasi na picha ya nyumba ya thamostati kwenye simu. Aliporudi, mzee hakukubali kuifunga kabla ya kuipima. Nikawasha meko yetu. Tukaining'iniza thamostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, bila kugusa chuma, na sote wanne tukainama pale mlangoni mwa gari kutazama. Maji yalipokaribia kuchemka mlango wake ukaanza kufunguka, polepole, hadi ukawa wazi kabisa. Tulipoitoa ukafunga. Spea mpya si lazima iwe nzima, na kipimo hiki hakihitaji mtambo wowote. Kinahitaji sufuria, moto na subira.

Walifunga thamostati na gasketi mpya. Wakalifungua bomba la chini la rejeta, maji ya rangi ya kutu yakatoka, wakasafisha mpaka yakatoka meupe, kisha wakajaza kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Pua ya gari ikaelekezwa juu ya mwinuko ili hewa iliyonaswa itoke kwenye mdomo wa rejeta, na hita ikafunguliwa ili nayo itoe hewa yake. Mwisho wakahakikisha kwamba joto la jana halikuacha madhara. Hapakuwa na mapovu ya mfululizo kwenye rejeta, moshi wa nyuma haukuwa mweupe, na kijiti cha oili kilitoka safi. Lau oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yangekuwa yamepenya ndani, na lile neno la kuogopesha lingekuwa kweli.

Mzee alikuwa na sharti moja zaidi. “Kwa nini mnabeba maji haya yote Kakamega?” aliuliza. “Huku maji yapo.” Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lililojaa ni kilo 100, zinazopanda kila mlima pamoja nawe. Tukamwaga nusu kwenye ndoo za gereji. Siku hizi tangi letu hujazwa kulingana na nchi iliyo mbele, na kulijaza pomoni tumeahirisha hadi safari ya kaskazini ya Kitale.

Kisha tukaurudia mtihani uleule, kwa sababu tiba isiyopimwa mahali ulipotokea ugonjwa ni matumaini tu. Tulishuka hadi Yala, tukageuza, tukapanda na kijana wa Sigalagala akiwa kati yetu, macho yake kwenye mshale. Ulisogea kidogo juu ya katikati, ukasimama. Tulipofika Mukumu ulikuwa umesimama palepale.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, iliyosaidia kuifanya dunia itambue kwamba watu wanaofanya kazi nje ya viwanda na ofisi rasmi si mzigo wa uchumi bali ni sehemu ya nguvu zake. Zaidi ya nusu karne baadaye, bado tunawazungumzia mafundi wa jua kali kana kwamba ni watu wa kubahatisha. Nilichokiona Mukumu ni maarifa mawili yakisaidiana. Mzee alikuwa na kumbukumbu ya injini nyingi na uwezo wa kuuliza swali moja sahihi. Kijana alikuwa na kalipa, michoro na sababu za kitaalamu. Hakuna aliyemdharau mwenzake. Kila palipo na chuo cha ufundi jirani na gereji ya barabarani, uhusiano wa namna hii unafaa kutafutwa na kulindwa, kwa sababu chuo peke yake hakikufundishi historia ya gari la mtu, na mazoea peke yake ndiyo yaliyong'oa thamostati yetu hapo zamani.

Isecheno tulifika, kupitia Khayega na Shinyalu. Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee kilichobaki Kenya cha ule msitu wa mvua uliowahi kutandaa kutoka Kongo. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na huku kusini unasimamiwa na Huduma ya Misitu. Mbega weusi kwa weupe walikuwa juu ya miti mirefu, mikia yao imening'inia. Tulipika ugali na mboga kwenye meko yaliyopima thamostati, tukalala injini ikiwa kimya na friji ikifanya kazi kwa hesabu mpya.

Turkana tutakwenda, kwa gari tunalolijua. Na kwa yeyote anayejenga gari-nyumba leo, Kisumu, Arusha au Kampala, ninalo la kumwambia kwa moyo wote. Safari yako ya kwanza iwe fupi, iwe na mlima, na iwe mahali penye mafundi. Weka katika bajeti yako siku za kuharibikiwa kama unavyoweka mafuta. Gari likisimama, tafuta kilichovunja, usiridhike na kilichovunjika, na urudie mlima uleule kabla ya kusema umepona. Ukimpata fundi anayeuliza maswali kabla ya kuchukua spana, mpe muda anaouomba na umlipe haki yake yote, kwa sababu katika malipo hayo unanunua pia kila mlima ulio mbele yako.